Nta Kwenye Ulimi wa Mama Mkwe

Maji niliyamwaga mimi. Natanguliza hilo kwa sababu hapa Mkangeni kisa hiki kimeshapambwa sana, na wapo wanaonisimulia kana kwamba nilikuwa malaika tangu mwanzo. Yalikuwa mapipa mawili, maji ya kutolea nta kwenye batiki, yenye moto wa kunyonyolea kuku. Niliyamwaga kwenye chemba ya barabarani saa tatu asubuhi, nikafunika mfuniko, nikarudi ndani kunyoosha sare za harusi.

Na msiseme sikujua sheria. Imebandikwa ukutani kwenye karakana yangu ya batiki, juu ya meza ya pasi. Kila biashara ina mdomo mmoja wa kumwagia majitaka, wenye namba yake. Maji yasizidi nyuzi joto arobaini. Rangi zitulie tangini siku mbili. Chupa moja ya sampuli ifungwe kwa lakiri kila siku. Chemba ya barabarani haimwagiwi kitu na mtu yeyote. Ukikosea, jitaje ndani ya saa moja. Na chini kabisa, kwa herufi nyekundu: kwa kila hatua ya utando itakayokufa bombani, mdomo wako utafungwa mwezi mmoja.

Lakini tangi la kupozea lilikuwa limejaa, harusi ilikuwa kesho yake, na mdomo wangu usingekubali maji yale. Tena nilikuwa na elimu ya mama yangu kichwani. Yeye alinifundisha kwamba maji yaliyotolea nta kwenye kitambaa humwagwa yangali moto, maana yakipoa nta inagandia bombani. Elimu nzuri sana, ya enzi ambazo bomba lilikuwa bomba tu.

Siku hizi mle ndani anaishi Mama Mkwe. Wahandisi wana jina lao refu. Ni utando hai, mnene wa kiganja, unaoteleza, uliooteshwa kwenye kuta za bomba kutoka juu mlimani hadi bondeni. Anakula uchafu wetu na kuturudishia maji masafi. Mkangeni hakuna mto na mvua huja ikijisikia, kwa hiyo maji tunayopikia makande leo ndiyo tuliyoogea juzi. Kwenye mdomo wa kila biashara ametoa ulimi, kipande cha utando kipana kama sinia, cha kuonjea. Ukimmwagia kinachomuumiza, anafunga, na uchafu wako unapanda kukusalimia sakafuni kwako. Ndiyo maana tukamwita Mama Mkwe. Huyo humpelekei chochote ulichookota njiani, na ukimkosea hasahau.

Saa sita mchana siku ileile akajifunga, kuanzia chemba ile hadi zahanati. Mabomba ya nyumbani yakakohoa mara mbili, yakakauka. Nilisimama mlangoni nikitazama ndoo zikipangwa mtaa mzima, na nilijiona mchafu kuliko maji niliyomwaga.

*

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Elieskia ni mtoto wa kaka yangu, na ndiye mhandisi aliyemlea Mama Mkwe tangu alipokuwa ukoko wa kujaa kikombe. Alikuwa amepiga magoti katikati ya barabara, fimbo yake ya kusikilizia imegusa lami, sikio limelala juu ya mpini. Utando hai huvuma ndani ya fimbo ile. Uliokufa haungurumi wala hauvumi.

"Hapa karibu na chemba kafa," alisema. "Kutoka pale mbele hadi zahanati yu hai, ila amejikunja. Anakataa kuonja kitu. Sijawahi kuona."

"Mtamfanyaje?"

"Baraza la Maji Rudi limeshaamua. Ijumaa anamwagiwa dawa ya kumuua mzima, mlima mpaka bonde. Kiwanda cha Mkongejua kimejitolea kuotesha mwingine, bure." Akaifuta fimbo kwa shati lake. "Huyo mpya hana ndimi. Anakula tu, haonji. Wanasema huyu wetu ana deko."

Ile siku ilikuwa Jumanne. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale, mimi na yeye tu, na wala asingenila. Badala yake nikamuuliza kama amekula. Nikamletea makande kwenye bakuli, akala akiwa amechuchumaa kando ya kosa langu, akanishukuru mara mbili.

*

Jumatano asubuhi akaja Bwana Heriel Kisanga, msemaji wa Mkongejua. Kiwanda chao kiko juu yetu mlimani. Wanatengeneza betri kutokana na mkonge, na nta inayobaki kwenye majani wanatuuzia sisi wa batiki. Ni nta ngumu, haiyeyuki mpaka maji yakaribie kuchemka, na haina mpinzani kwa kushika mstari mwembamba. Miaka yote nilikuwa naifuata getini kwao, na hakuna bosi aliyewahi kunijua hata jina. Leo bosi anakalia kigoda changu.

"Mama Nakijwa," akaanza, "kamera yetu ya getini inaona mbali. Jana iliona mvuke ukitoka kwenye chemba."

Bi Namsifu, tuliyeanza naye karakana hii tukiwa wasichana, akaacha kukoroga rangi.

"Msiogope. Sikuja kuwashtaki. Ijumaa utando unakufa, na ushahidi unakufa nao. Sisi tutakaa kimya, na ninyi mkae kimya. Huyo mpya hatakusumbua kwa nyuzi arobaini wala hamsini. Mwagia utakacho, sema Mungu mkubwa."

"Na faida yenu nini?"

"Ujirani mwema," alisema, akanyanyuka.

Alipotoka, Bi Namsifu akashusha pumzi. "Mungu ametuona."

"Namsifu, tangu lini tembo akambebea sisimizi mzigo?"

"Usianze."

"Mkubwa hamfichi mdogo bure."

"Nakijwa, nakujua. Ninyi ukoo wenu ndio mliotusababishia sote Wapare tuambiwe tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Safari hii hata kuku mwenyewe hujaibiwa! Wewe ndiye mwizi, umesamehewa, unataka kwenda kugonga mlango wa polisi." Akawaonyesha wenzetu kwa mwiko. "Wanawake sita wanakula hapa. Mimi ni mmoja wao. Mdomo ukifungwa, hapa hapalowekwi hata leso."

Alikuwa na haki. Niliwatazama mmoja mmoja, Bi Namsifu na wenzake watano, mikono yao ya buluu hadi kwenye kiwiko. Nikajiambia basi, nyamaza, Nakijwa, mara moja tu maishani. Nikachukua kitambaa cha oda nyingine, nikakitumbukiza kwenye sufuria inayochemka kukitoa nta, ili mikono iwe na la kufanya.

Nta ikaachia. Pale ilipokuwa imepakwa, kitambaa kilikuwa cheupe pe, hakijaonja rangi hata tone. Hiyo ndiyo kazi ya nta. Unaipaka mahali unapotaka rangi ipite isishike. Kitambaa kinakaa ndani ya rangi mchana kutwa na hakijui kama kuna rangi, mpaka umwagie maji ya moto.

Nilisimama na mwiko mkononi. "Namsifu, chai yako siku hizi ina ladha gani?"

"Si nilishakwambia? Kama umelamba kijiko. Mwaka wa pili huu. Tukasema ni sufuria mpya."

"Sufuria mpya inazeeka, mama."

*

Nilimkuta Elieskia kwenye chemba ya juu ya ile yangu, katikati ya karakana na kiwanda. Nikamwambia afungue mfuniko. Akafungua, kwa kuwa shangazi akisema hivyo kwa sauti ile haulizwi. Nikalala kifudifudi na kanga yangu, nikatia mkono, nikakwangua utando kwa ukucha.

Fundi wa batiki akitaka kujua kama nta imeshika, hukwangua kwa ukucha. Kilichobaki kwenye ukucha wangu kilikuwa kidonge cheupe chenye unjano, kigumu. Nikakinusa. Nimekinunua kitu kile kwa miaka ishirini na minane.

"Hii ni nta ya mkonge," nikasema. "Wamempaka. Kidogo kidogo, kila siku, na maji yao ya kiwandani. Ulimi wao ndio wa kwanza kupakwa. Hauonji kitu, Elieskia! Chumvi za betri zinapita juu yake kama rangi juu ya nta. Haonji wala hali kitu. Zinakuja moja kwa moja kwenye vikombe vyetu."

Akaushika ukucha wangu, akanusa naye. Kisha akaona pengo, kwa sababu hakusomeshwa bure. "Nta hii haitoki kwa maji ya kawaida. Na huku chini hakuna nta. Ilitokaje?"

Hapo sasa. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kumwacha atafute mwenyewe mpaka Ijumaa ipite.

"Jumanne saa tatu," nikasema. "Mapipa mawili ya kuchemka. Nilimwaga mimi."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Nimemlea miaka saba," alisema. "Nimekula chakula chako juu ya maiti yake."

"Najua."

"Hatua za mwanzo amekufa kwa moto wako, Shangazi. Siwezi kukudanganya. Mbele ya hapo maji yalishapoa kidogo, yakamvua nta bila kumuua. Akaonja kinachotoka juu kwa mara ya kwanza kwa miaka miwili." Akafikicha macho. "Hakuwa na deko. Alikuwa anatapika."

Tulikaa ukingoni mwa chemba, miguu ikining'inia.

"Nikipeleka kucha yako barazani," akasema baadaye, "watasema mama wa batiki ana nta kwenye kucha, ajabu iko wapi? Na mdomo wa kiwanda hatuwezi kuufungua kwa tuhuma. Kipo kifungu kimoja tu. Anayejitaja mwenyewe ana haki ya kudai midomo yote ya bomba lake ifunguliwe, ili kosa lake litenganishwe na la mwingine."

"Basi nitajitaja."

"Saa moja imepita. Itakuwa kujitaja kwa kuchelewa. Kifungu kinakubali, ila adhabu hawakupunguzii hata siku."

"Nani kakuomba upunguzo?"

*

Alhamisi ukumbi wa Baraza ulijaa wenye biashara wote wa bomba letu: wa gereji, wa saluni, wa machinjio ya kuku, mama lishe, kila mmoja amejitayarisha kusikia kwamba si yeye. Mwenyekiti, mwanamke mkavu aliyestaafu uhakimu, alikuwa bado anatafuta miwani yake niliposimama. Bwana Kisanga alikuwa safu ya mbele. Aliponiona na pasi mkononi alitabasamu, nadhani alifikiri nimetoka kazini na haraka.

"Naitwa Nakijwa Mrutu, mdomo namba kumi na nne. Jumanne saa tatu asubuhi nilimwaga maji ya moto kwenye chemba ya barabarani. Najitaja. Nimechelewa, na nimechelewa kwa woga, si kwa kusahau."

Ukumbi ukavuma. Mwenye gereji, ambaye jana watu walikuwa wakimtemea mate kwa dhana tu, akasema kwa nguvu, "Kumbe!" Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na nilimwomba radhi pale pale mbele ya watu.

"Sasa nadai haki ya anayejitaja," nikaendelea. "Nataka ulimi wa Mkongejua uletwe hapa, na chupa yao ya sampuli ya Jumanne."

Bwana Kisanga akaruka. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mhalifu amekiri! Tunangoja nini? Ulimi wetu haujawahi kufunga hata siku moja. Kumbukumbu zipo, miaka miwili, safi!"

"Hata mwanangu wa kwanza alikuwa mpole hivyo," nikasema, "kumbe hasikii."

Watu wakacheka, na Mwenyekiti akagonga meza. Akasoma kifungu mara mbili, midomo ikichezacheza, kisha akatuma mafundi watatu mlimani. Tulingoja zaidi ya saa nzima. Bwana Kisanga alitoka kupiga simu na kurudi mara nne.

Ulimi ulikuja juu ya sinia la bati, ndani ya maji, mweupe na uking'aa. Elieskia akafungua chupa ya sampuli yenye lakiri ya kiwanda chenyewe, akadondoshea matone. Ulimi ukatulia. Bwana Kisanga akafungua mikono yake kwa watu, kama kusema mnaona.

"Bado," nikasema.

Nikachomeka pasi ukutani. Nikatandika gazeti juu ya ulimi, uliokuwa umejitokeza juu ya maji, safu nne, na kitambaa chenye unyevu chini ya ulimi ili moto usimfikie. Hivyo ndivyo tunavyotoa nta kwenye hariri isiyovumilia kuchemshwa, na ningefanya hivyo Jumanne kama ningekuwa na subira. Nikapitisha pasi taratibu, maana ningemuunguza mbele ya ukumbi ule ningekuwa nimemuua Mama Mkwe mara mbili. Gazeti likaanza kulowa nta. Likaanza kupenyeza mwanga. Harufu ya nta ya mkonge ikajaa ukumbi, na akina mama wote wa batiki waliokuwa nyuma wakaguna kwa pamoja, kwa sababu pua zao hazihitaji fundi.

Nikabandua gazeti, nikamkabidhi Mwenyekiti. Elieskia akachukua chupa ileile.

Tone moja. Ulimi ukajikunja kwa nguvu ukapindua sinia, maji yakamrukia Bwana Kisanga suruali yote. Alirudi nyuma akijipangusa kwa haraka, kwa leso, kwa mikono, kwa karatasi za hotuba yake.

"Mbona unajifuta hivyo, baba?" Bi Namsifu akauliza kutoka nyuma. Sikujua hata kama alikuja. "Si masafi?"

*

Dawa ya kumuua haikumwagwa. Hukumu ilitoka mchana uleule: midomo yote miwili ifungwe, wangu na wa Mkongejua, kila mmoja kwa hatua alizoua. Mafundi wakaanza kumvua nta Mama Mkwe kwa mvuke mdogo, wakishuka kutoka mlimani, na kila walipomvua palionekana pamepooza na kufa chini yake.

Ijumaa asubuhi walikuja kupima. Elieskia mbele na fimbo yake, mtu wa Baraza na kamba yenye mafundo, wakili wa Mkongejua nyuma yao na daftari. Mtaa mzima ukafuata. Kila fimbo iliponyamaza, chaki ilichora mstari kwenye lami.

Wakaanza na kwangu.

"Kumi na tatu," akasema mwenye kamba. "Miezi kumi na mitatu. Saini hapa, mama."

Bi Namsifu alikuwa kando yangu. Tangu jana alikuwa hajasema nami zaidi ya salamu, na sidhani kama alikuwa amenisamehe. Alinishika mkono tu, wa buluu juu ya buluu.

"Ni kumi na mbili," nikasema.

"Mama, tumepima."

"Nami nimekuja nyuma yenu nikiipima mistari ya chaki kwa futi yangu ya vitambaa, hiyo haijawahi kumpunja bibi harusi. Kumi na mbili. Nipe fomu ya rufaa."

Mtu wa Baraza akamgeukia Elieskia, karibu alie. "Jamani, amekiri mwenyewe, amehukumiwa, sasa anakatia rufaa hatua moja?"

"Ndio Wapare hao," akasema mtu, na kicheko kikapita barabara nzima. Hata mimi nilicheka. Wakili pekee hakucheka. Alikuwa ameacha kuandika, akinitazama kwa makini sana, kwa sababu yeye alikuwa ameshaelewa, na alikuwa ameomba Mungu mimi nisielewe.

Nikaichukua ile kamba, nikaionyesha kwa watu. Fundo la mwisho lilikuwa limevutwa likasogea, hatua zake fupi kuliko haki.

"Mkinionea mimi hatua moja, nitavumilia," nikasema. "Mwezi mmoja si kitu, nimeshazoea kufua kwa mkono. Lakini mkipanda mlimani na kamba hii, huyu bwana hapa na daftari lake atasubiri mpaka mmalize kupima mia tatu, mia nne, kisha atasimama barazani na kusema kamba ilikuwa mbovu tangu kwa Nakijwa, futa zote. Na mtazifuta."

Wakili akafunga daftari.

Elieskia akainua fimbo. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alinitazama kama mtoto wa kaka yangu. Akanishikia ncha ya kamba mwenyewe, nikalifungua fundo lililosogea, nikalifunga upya mahali pake kwa futi yangu, mbele ya macho ya wote. Kisha nikaenda kusimama kwenye mstari wa kwanza wa chaki, mlangoni mwa karakana yangu, pale nilipomuua.

"Pima upya," nikamwambia. "Anza na mimi."